Aliyekuketisha dakani hajakuita ukumbini

Nilipoanza kuuza mtandaoni kofia za vito, zile za kushonwa kwa mkono zenye vitundu vidogo, tamaa ya wateja ilinizidi adabu. Nyumba moja ya wageni kule Shela, hapa Lamu, ilikuwa na kitabu cha wageni kilichojaa majina, nchi na anwani za barua pepe. Nikakiazima usiku mmoja, nikanakili anwani 312, na wote nikawatumia barua moja: "Mpendwa rafiki", picha ya kofia, bei, kisha "zimebaki tatu tu". Kofia zilikuwa saba, tena hapakuwa na aliyezigombania.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa Ujerumani. Alilala Shela siku mbili, mimi hanijui, je, anwani yake nimeipata wapi? Kila jibu nililolifikiria lilikuwa la aibu, nikanyamaza. Haikupita wiki, hata barua nilizowatumia wateja wangu wa kweli zikawa zinaangukia kwenye kapu la barua taka. Mmoja aliyekuwa ameshalipa aliniona tapeli, maana barua ya kumwambia kofia imeshatumwa hakuiona.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1978 muuzaji mmoja wa kompyuta Marekani alituma tangazo kwa watu wapatao 400 katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, bila kuombwa, akalalamikiwa vilivyo. Yeye angalau hakuwa na wa kumtangulia. Mimi nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini ya mifano.

Kwa asiyezijua nyumba zetu za mawe za Lamu: mbele ya mlango mkubwa pana daka, kibaraza chenye viti vya mawe huku na huku. Mtu huketi pale, akazungumza, akamaliza lililomleta na kuondoka, ya ndani asiyajue. Wala hajavunjiwa heshima. Basi mteja akikupa anwani yake ili umjulishe kofia ikiwa tayari, amekuketisha dakani. Ukianza kumtumia matangazo ya jahazi la shemeji yako, umeshavua viatu unaelekea ukumbini, na hakuna aliyekuita.

Sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake, ila pale sheria inaporuhusu, na kanuni za 2021 zinataka apewe njia rahisi ya kukataa. Wenzangu wa biashara wanalalamika kwamba ni mzigo. Mimi naona sheria imechelewa tu kufika mahali ambapo bibi zetu walikuwepo siku nyingi. Tangu Februari 2024, Gmail nayo inawataka wanaowatumia watumiaji wake barua 5,000 na zaidi kwa siku waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Mimi ni mdogo mno kwa kanuni hiyo, lakini nilipiga hesabu: katika zile 312 zangu, mlalamikaji mmoja tu angetosha kunivusha mpaka.

Nikazifuta zote. Nikaanza upya na watu kumi na wanne walioniomba wenyewe.

Ami anayenishonea hukaa barazani baada ya alasiri, kitambaa cheupe kimelala gotini, ua limechorwa kwa kalamu. Kila kitundu hukizungushia uzi mpaka kikaze, ndipo ahamie kingine. Kofia moja humchukua miezi. Mwaka mmoja macho yalimsumbua, na kofia tulizoahidi kabla ya Idi zikawa hazitawahi. Kijana mmoja wa Mombasa anayejiita mtaalamu wa masoko alinishauri nisiandike habari mbaya, nitume ofa nyingine wapoe. Nikamuuliza ami.

"Waambie. Kwani hao si watu?"

Nikawaandikia kama ilivyokuwa: macho ya ami, kofia iliyofika nusu na uzi unaning'inia pichani, na kwamba anayetaka pesa zake atazipata. Wawili walizitaka, nikawarudishia. Tisa waliuliza hali ya macho yake. Sijawahi kutuma barua iliyojibiwa kama ile, na haikuwa na bei hata moja.

Siku hizi sihesabu waliofungua barua. Hesabu hiyo hutegemea picha ya ndani ya barua kupakuliwa, nayo haiaminiki, kwani tangu 2021 programu ya barua ya Apple, kwa aliyewasha kinga yake ya faragha, hupakua picha kabla mtu hajasoma chochote, ukadhani umesomwa kumbe simu iko mfukoni. Nahesabu wanaojibu. Na "zimebaki tatu" nitaiandika siku zitakapokuwa tatu kweli.

Yule mama wa Ujerumani nilimwandikia mwisho, kabla sijaifuta anwani yake: nilikoitoa, kwamba nimekosa, na kwamba naifuta. Huwa namtafsiria ami majibu ya wateja akishona, na jioni moja akamkumbuka.

"Na yule wa kitabu cha wageni?"

"Hajajibu, ami."

"Basi mwache," akasema, akauma uzi.