Msirasimishe lita, rasimisheni zamu

Kila mradi unaoingia Usangu, tambarare ya mpunga mkoani Mbeya, huja kurasimisha kitu: mashamba, vikundi vya wakulima, matumizi ya maji. Sina ugomvi na kazi hiyo. Mkulima wa Igurusi au Chimala asiye na karatasi hata moja ndiye wa kwanza kusukumwa pembeni mwenye nguvu anapoyataka maji yake, na anayemshauri aendelee kutegemea mila peke yake hamtakii mema. Ugomvi wangu ni juu ya kile kinachoandikwa. Tunarasimisha majibu ya siku moja na kuacha nje njia ambayo watu waliitumia kuyapata majibu hayo, mwaka baada ya mwaka, hali ilipobadilika.

Jambo hili linaonekana wazi kwenye maji. Mpunga wa kumwagilia Usangu una umri mkubwa kuliko miradi yote hii. Wabaluchi walikuwa wakiulima Rujewa tangu enzi za Mwingereza, kisha wakaongezeka Wanyakyusa, Wabena, Wakinga na wengine wengi waliokuja kuungana na Wasangu. Mito inashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, inafika tambarare, inaingia ardhioevu ya Ihefu, na kutoka hapo mto Ruaha Mkuu unaendelea kupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mpaka Mtera na Kidatu, kwenye mitambo ya umeme. Kwa hiyo maji yanayogombewa na majirani wawili wa mfereji mmoja yana wenyewe wengine mbali sana, ambao hawajawahi kuonana.

Banio la kienyeji, yaani kizuizi cha kugeuza maji ya mto yaingie mferejini, hujengwa kwa magogo, mawe, nyasi na udongo. Linavuja. Wahandisi waliokuja waliuona uvujaji huo kuwa ubovu wa kuziba, na kwa hesabu za mfereji mmoja walikuwa sahihi. Lakini maji yanayovuja kwenye banio la juu ndiyo yanayomfikia mtu wa chini. Mafuriko yakilisomba, watu hukusanyika kulijenga upya, na hapo hapo huzungumza tena nani apate nini. Kiangazi kikikaza, wanaingia kwenye zamu: mfereji huu mchana, ule usiku, kijiji hiki siku hizi, kile siku zile. Asiyefika kusafisha mfereji asishangae zamu yake ikirukwa. Katika utaratibu huo hakuna mwenye haki ya kiasi maalumu cha maji. Kila mmoja ana haki ya sehemu. Mto ukijaa, sehemu inakuwa kubwa; ukipungua, inapungua kwa wote.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Umeme wa mgao ulikuwa umechosha nchi, na Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi kuanzia 1993. Wakulima wadogo wa mpunga wakanyooshewa kidole. Mwaka 1996 ulianza mradi mkubwa wa bonde la Rufiji uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na pamoja nao yakaja mabanio ya zege yenye milango ya chuma, na haki za maji zilizoandikwa kwa lita kwa sekunde na kulipiwa ada kila mwaka.

Kwenye faili, kazi hiyo ni safi kabisa. Watafiti walioifuatilia Usangu walieleza kilichotokea mtoni. Lita zilizoandikwa zinapatikana masika, lakini kiangazi hata mto wenyewe unaweza usiwe nazo. Mwenye banio la zege huko juu akifungua mlango anaweza kuukomba mto mzima huku karatasi ikimruhusu, maana hajazidisha kiasi chake na ada amelipa. Jirani wa chini akipanda kwenda kuomba, anaonyeshwa stakabadhi.

Stakabadhi hiyo ndiyo inayoniuma. Zamani mtu wa juu aliyevunja zamu alijua amekosa, na angeweza kusimamishwa mkutanoni akaambiwa mbele ya watu. Sasa ana haki kisheria. Aibu, iliyokuwa ikifanya kazi ambayo hakuna mkaguzi anayeweza kuifanya usiku wa manane kwenye banio, imeondolewa, na aliyeiondoa ni sisi tuliodhani tunaweka utaratibu.

Najua hoja ya upande wa pili, na nina heshima nayo: mila nazo zimeonea watu, hasa wanawake. Ni kweli. Lakini tutazame nini hutokea uonevu wa mila unapoandikwa kama ulivyo. Mwaka 1963 serikali ilitangaza sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zikiwemo kanuni za urithi, na humo mwanamke akazuiwa kurithi ardhi ya ukoo kwa umilikaji kamili maadamu yupo mwanamume wa ukoo huo. Kabla ya hapo, wazee wa ukoo wangeweza kushawishika, wakatazama binti huyu au mjane yule na hali yake. Kanuni iliyochapishwa haishawishiki. Wajane wawili walizipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Ilibidi wafike mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa Tanzania imekiuka haki zao.

Linganisha na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Haikuorodhesha mila za Wahehe wala za Wasafwa. Iliipa hakimiliki ya kimila uzito sawa na ile inayotolewa na serikali, ikabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu ardhi, na ikataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake. Imeandika nani lazima awepo kwenye uamuzi na nini hakiruhusiwi kukanyagwa. Utekelezaji wake una matatizo mengi, lakini kwa namna ilivyoandikwa, hivyo ndivyo ningependa kuona maji yanarasimishwa.

Sheria ya maji ya 2009 ina jumuiya za watumia maji, kwa hiyo pa kuanzia papo. Kibali cha masika kiandikwe kwa lita, sawa. Kibali cha kiangazi kiandike sehemu ya mto, pamoja na mpangilio wa zamu na adhabu ya kuivunja. Kila banio la zege liwe na tundu la kudumu lisilo na mlango, la kupitisha maji ya walio chini bila kumwomba mtu. Na kila mwaka, kabla mto haujapungua, wenye mabanio yote ya mto mmoja wakae pamoja na wafugaji na wakulima wa mwisho wa mfereji kuipanga zamu upya. Mkutano huo ufanyike kijiji cha chini kabisa, wa juu ndio washuke.