Baba Mdogo Hakunywa Pombe

Jumamosi tulimzika baba mdogo kule Murang'a. Saratani ya ini ilimmaliza kwa miezi minne. Kabla jeneza halijashushwa, mhubiri alishika maikrofoni akawaonya vijana kuhusu chupa, na nikaona watu wakitikisa vichwa kukubali. Baba mdogo hakuonja pombe maisha yake yote. Mama mdogo alikuwa ameketi mstari wa mbele, kainamia leso yake, akisikia umati mzima ukiambiwa kwamba mumewe alijitakia.

Nimerudi Nairobi na hasira ambayo sijaweza kuitua.

Haya, pombe inaharibu ini, sibishi. Homa ya ini aina ya B pia. Lakini mbona hakuna anayetaja mahindi yenye kuvu? Kinachoniuma ni kwamba suala hili lilichunguzwa papo hapo Murang'a. Watafiti wawili, Peers na Linsell, walikusanya chakula ambacho watu walikuwa wamekwisha kupika, kuanzia sehemu za chini zenye joto hadi za juu zenye baridi. Wakapima aflatoksini, ile sumu inayotolewa na kuvu, wakalinganisha na hesabu ya wagonjwa wa saratani ya ini. Walipokula sumu nyingi zaidi ndipo walipougua wengi zaidi. Matokeo yalichapishwa 1973. Baba mdogo alikuwa mtoto wa shule ya msingi, akila githeri ya mahindi hayo hayo.

Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Songa ugali mpaka sufuria iungue, bado imo. Ikimkuta mtu mwenye virusi vya homa ya ini B, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Mwaka 2004 ilipozidi ghafla kwenye mahindi ya Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa, na nchi nzima ikashtuka. Ile ya kidogo kidogo, ya kila siku, haina kishindo. Inangoja miaka na miaka, halafu tunasema ni pombe, au amerogwa.

Jana nilikuwa kisiagini mtaani kwetu, Njiru. Mama mmoja alikuwa akichambua gorogoro mbili za mahindi kwenye ungo, punje moja moja, zile za kijani akiziweka kando kwenye gazeti. Nikamwuliza atazitupa wapi.

"Situpi, mwanangu. Jirani ana ng'ombe."

Ng'ombe akila, sumu inatokea kwenye maziwa. Nilimweleza, akanitazama kwa uchovu, akasema basi na hao watoto wanywe nini. Sikuwa na jibu. Na hata zile punje nyeupe alizobakisha, jicho haliwezi kujua kama ni salama.

Ndiyo maana sikubali mzigo huu uachiwe mama wa ungo. Wataalamu tunao. Dkt. Charity Mutegi, Mkenya mwenzetu, alipewa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2013 kwa kazi yake ya kupambana na aflatoksini, ikiwemo njia ya kutawanya shambani kuvu isiyo na sumu ili iisukume nje ile yenye sumu. Kikomo cha unyevu ili mahindi yasiote kuvu kinajulikana: asilimia 13.5. Kipimo chake kinashikika mkononi. Kila anayenunua mahindi kwa mkulima awe nacho, na kaunti ziweke mashine za kukaushia pale pale vijijini, kabla mvua haijawakuta watu na mavuno uani.

Tulipoagana baada ya mazishi, mama mdogo alinifungia debe la mahindi, ya shamba la marehemu. Jana usiku nilitia punje chache kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, nikatikisa, kama maafisa wa kilimo wanavyofundisha. Chumvi ikibaki huru, mahindi yamekauka.

Imeganda kwenye kuta za chupa. Sijasaga, na sijajua nitampigia simu nimwambie nini, maana ghalani kwake yamebaki magunia sita.