Nundu ya nanomita 217.5: masizi ya maabara yanathibitisha nini?

Chukua chemni ya taa ya mafuta iliyoshika masizi, utazame mwali kupitia kioo hicho. Mwanga umefifia, tena umegeuka rangi, umekuwa kama shaba. Nyota iliyo nyuma ya wingu la vumbi huonekana hivyohivyo: hafifu, na nyekundu kuliko ilivyo. Masizi ya chemni unaweza kuyafuta kwa kitambaa ukayaweka chini ya hadubini. Ya angani hayafikiki, kwa hiyo wanasayansi hutengeneza ya kwao na kulinganisha. Ugomvi uko hapo kwenye kulinganisha.

Mwaka 1965 Theodore Stecher wa NASA alichapisha vipimo vilivyochukuliwa kwa roketi juu ya tabaka la ozoni, lile linaloizuia sehemu kubwa ya urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho, wenye mawimbi mafupi kuliko ya zambarau) isitufikie huku chini. Ilionekana kwamba vumbi lililo baina ya nyota halimezi mwanga sawasawa. Penye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 217.5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ufyonzaji unapanda kisha unashuka. Ukichora grafu unapata nundu. Mwaka huohuo yeye na Bertram Donn walimtaja mshukiwa: chembe ndogo za grafiti, kaboni ya aina iliyo ndani ya penseli. Kesi hiyo haijafungwa hadi leo.

Wanaoshikilia kaboni wana hoja nzito. Nundu ni kubwa mno kutokana na elementi adimu. Mhusika lazima awe kitu kilichojaa angani, na kaboni ni miongoni mwa vichache vilivyojaa. Halafu atomu za kaboni zikijipanga kwa pembesita, kama ndani ya grafiti, elektroni zake hufyonza mwanga katika eneo hilohilo la urujuanimno. Maabara nazo zimeleta ushahidi. Mwaka 1996 Vito Mennella na wenzake nchini Italia walizimulika kwa urujuanimno chembe za kaboni zenye haidrojeni, wakapata kilele kwenye nanomita 215. Hicho ndicho nyota zenye joto kali huyafanyia mawingu yaliyo jirani yake, kwa hiyo si mchezo wa kubuni tu. Huko Jena, Ujerumani, mchanganyiko wa molekuli kubwa za kaboni zenye pete nyingi ulitoa nundu inayokaribiana sana na ya angani.

Shida inaanza ukirudi kwenye nyota zenyewe. Mwaka 1986 Edward Fitzpatrick na Derck Massa walipima njia za mwanga kuelekea nyota 45. Kilele karibu hakisogei, ilhali upana wa nundu hubadilika sana kutoka nyota hadi nyota. Grafiti haina adabu hiyo. Badilisha ukubwa wa chembe au umbo lake, kilele kinahama; ziache zishikane, kama masizi yapendavyo kushikana, nundu inatanuka na kusogea. Na mwaka 2005 timu ya John Bradley ilikuta nundu ya namna hiyo ndani ya chembe halisi za vumbi la baina ya sayari, kwenye kaboni ya kiogania na pia kwenye silikati, yaani madini ya namna ya mawe. Kwa hiyo hata kaboni yenyewe haiwezi kudai haki ya peke yake.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni jinsi maabara zinavyofaulu. Mapishi kadhaa tofauti, nundu ileile! Mkunjo mpana wa namna hii hauna alama za vidole. Ukiwa na subira na tanuru, utaupata.

Wolfgang Krätschmer na Donald Huffman waliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Heidelberg, waliunguza grafiti kwa umeme ndani ya heliamu wakitafuta vumbi la nyota. Baadhi ya masizi yao yalitoa mkunjo wa ajabu, wakauita ngamia (wa nundu mbili, si huyu wetu). Baada ya wanakemia Kroto, Curl na Smalley kugundua mwaka 1985 molekuli ya C60, mpira wa atomu 60 za kaboni, ngamia alieleweka, na mwaka 1990 timu zao za Heidelberg na Arizona, Marekani, wakatangaza njia ya kuizalisha kwa wingi. Walikuwa wakitafuta jibu la nundu moja, wakapata la swali jingine.

C60 hiyo ndiyo inayonipa kipimo changu. Tangu mwanaastronomia Mary Lea Heger alipoandika mwaka 1922 kuhusu mistari ya ajabu katika mwanga wa nyota, kwa zaidi ya miaka tisini hakuna aliyeweza kuitaja asili yake kwa uhakika. Mwaka 1994 Foing na Ehrenfreund, wakitegemea vipimo vya maabara, walipendekeza kwamba mistari miwili ni ya C60 iliyopoteza elektroni moja. Mwaka 2015 timu ya John Maier huko Basel iliipoza C60 hiyo yenye chaji hadi chini ya kelvini 6 (karibu nyuzi 267 za Selsiasi chini ya sifuri), mistari ikaangukia palepale: nanomita 957.7 na 963.2. Hapo sibishi. Mistari myembamba, namba kamili, baridi inayokaribia ya angani.

Nundu haijawahi kupata jibu la namna hiyo, na maswali yanaongezeka. Katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani inayoonekana kwa macho kutoka kusini mwa Tanzania, njia nyingi za mwanga karibu hazina nundu kabisa. Mwaka 2023 darubini ya James Webb iliikuta katika galaksi iliyokuwepo kabla ulimwengu haujatimiza miaka bilioni moja, ila kilele chake kilikuwa karibu na nanomita 226. Maabara itakayonishawishi ni ile itakayosema mapema, kabla ya darubini kuelekezwa, masizi yake yatatoa kilele wapi katika galaksi kama hizo mbili, na nundu itakuwa na upana gani.