Sharia bila mkono wa dola: hoja ya An-Na'im mbele ya mahakama ya kadhi

Tarehe 18 Januari 1985, Mahmoud Mohamed Taha alinyongwa Khartoum kwa kosa la kuritadi, yaani kuuacha Uislamu, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, chini ya utawala wa Jaafar Nimeiri uliokuwa umetangaza sheria za Kiislamu mnamo Septemba 1983. Mwanafunzi wake, mwanasheria Abdullahi Ahmed An-Na'im, aliondoka Sudan na hatimaye akawa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Kitanzi hicho hakisahauliki mtu anapoisoma kazi yake, ingawa si haki kuipima kwa uchungu huo peke yake.

Katika kitabu chake cha 1990 alishika njia ya mwalimu wake: aya za Kurani zilizoshuka Makka, zinazowahutubia wanadamu wote kwa usawa, zitangulizwe mbele ya zile za Madina zilizokuja na hukumu za jamii ya wakati ule. Wanazuoni wengi walimjibu kwamba huko ni kuigeuza kanuni ya nasikh na mansukh (aya inayofuta na inayofutwa) juu chini kwa rai ya mtu. Nadhani alijitwika mzigo ambao hakuuhitaji, kwa kuwa hoja yake ya 2008 inasimama bila huo.

Hoja hiyo inataka dini itenganishwe na dola, lakini si na siasa. Muislamu aweza kupendekeza sheria inayotokana na imani yake, mradi atoe sababu ambazo raia asiye Muislamu naye anaweza kuzipima. Sharia ikishapitishwa bungeni, asema, kinachotiiwa na watu ni amri ya dola, ambayo imechagua kauli moja na kuziacha nyingine za madhehebu ya Shafi, Hanafi au Maliki. Na tena, anayefunga kwa kumwogopa polisi hana nia, na amali bila nia si ibada. Hapa ndipo anapowabana wapinzani wake, kwa sababu anazungumza nao kwa lugha ya fiqhi yenyewe, elimu ya sheria za Kiislamu.

Hata hivyo, mambo ya ndoa na mirathi hayatatuliki kwa nia. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu kadhi kusikiliza mashauri ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake, na kifungu cha 24 kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa kiasi kile tu kinachohitajika. Kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa walipinga mahakama hizo kuwamo katika katiba. Kwa kipimo cha An-Na'im, hii ni sheria ya dola iliyovishwa kanzu. Lakini mjane wa Lamu anayenyimwa fungu lake na mashemeji hatafuti darsa ya falsafa. Anataka hukumu yenye nguvu, na akishindwa anataka rufaa Mahakama Kuu. Tanzania Bara, ambako kadhi wa Bakwata, baraza kuu la Waislamu nchini, hana mkono wa dola, uamuzi wake unategemea hiari ya aliyeshindwa, na asiyeridhika hurudi kwenye mahakama za kawaida.

Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kumrithi baba yao Muislamu. Waliounga mkono waliona mtoto amekingwa dhidi ya kosa asilolitenda, na waliopinga wakauliza majaji wasio mafaqihi wamepata wapi idhini ya kugusa mirathi. An-Na'im angewaambia hao wa pili kwamba idhini hiyo walikwisha kuitoa siku walipoikabidhi mirathi kwa dola, na katika hili sioni jibu walilo nalo. Ninachokiona kuwa pengo upande wake ni neno lile la kifungu cha 170, "wamekubali": mjane aliyeletwa mahakamani na ndugu wa marehemu, bila wakili, huenda hajawahi kuulizwa.