Dai la kutolingana si uzembe

Wakati wa kupitia msimbo, waandaaji programu wengi hulikataa jaribio la yuniti, yaani msimbo mfupi unaopima kipande kimoja cha programu, linalodai kwamba jibu halilingani na thamani fulani, au halivuki kiwango fulani, na hoja yao ni nzito: jibu sahihi ni moja, ilhali yasiyolingana nalo hayana idadi. Dai la assertNotEqual la lugha ya Python, linalotaka vitu viwili visilingane, hupita hata pale funksheni iliposahau kurudisha jibu na ikatoa None, yaani hakuna kitu; hupita pia kwa NaN, alama ya "si namba", ambayo kwa kanuni za IEEE 754, kiwango cha namba za desimali kwenye kompyuta, hailingani hata na yenyewe. Likiwa peke yake, nami nisingelipokea.

Lakini yako mambo ambayo ukweli wake wenyewe ni kutolingana. Nywila ya mtumiaji hutiwa chumvi, yaani baiti za nasibu, kabla ya kusagwa kuwa hashi, yaani mfuatano wa herufi usiorudishika kuwa nywila, ili wawili waliochagua nywila moja wasiwe na hashi moja kwenye hifadhidata. Jaribio linalofaa huisaga nywila ileile mara mbili na kudai kwamba hashi hizo hazilingani. Anayeshikilia dai la usawa, yaani jibu lilingane na thamani moja, hulazimika kuigandisha chumvi ili jibu lisibadilike, na hapo amekwisha kukiondoa kile kile kilichopaswa kupimwa: siku chumvi moja isiyobadilika ikiachwa kwa kusahau ndani ya msimbo halisi, jaribio lake litaendelea kupita. Kosa hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu watu huendelea kuingia kwenye akaunti zao kama kawaida, mpaka hifadhidata ivuje na mshambulizi aandae jedwali moja la kuvunjia nywila zote.

Tena wapinzani wa dai hili hulitumia bila kulitaja. Kwa kuwa 0.1 kujumlisha 0.2 kwenye Python hutoa 0.30000000000000004, hukimbilia assertAlmostEqual, ambayo isipoagizwa vingine huikadiria tofauti ya namba mbili hadi nafasi 7 za desimali na kuuliza kama ni sifuri. Hilo ni dai la mpaka, si la usawa.

Kwenye vipimo vya muda utetezi wangu ni mdogo, kwani kudai kazi iishe chini ya milisekunde 50 hufeli mara seva inapoelemewa. Udhaifu wa None, hata hivyo, una dawa nyepesi: kabla ya kuzilinganisha hashi mbili, dai kwanza kwamba kila moja inaikubali nywila sahihi na kuikataa nyingine. None haivuki mstari huo, na chumvi iliyoganda haivuki unaofuata.