Kisomo cha Posta

Mjomba wangu wa Pangani hapiti kibao bila kukisoma, na hasomi kimoyomoyo. Njia nzima ya kwenda mjini, abiria wa daladala walisomewa "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli" kwa kila ukuta ulioandikwa hivyo. Kwa hiyo nilipomfikisha kwenye Sanamu ya Askari, Posta ya Dar es Salaam, pale kipilefti cha Samora na Azikiwe, nilijua hapa tunakaa.

Nikamweleza kwamba kabla ya huyu askari wa shaba, aliyewekwa na Waingereza mwaka 1927, alisimama Wissmann, Mjerumani aliyeizima vita ya Abushiri ya kuupinga utawala wao. Uso ukambadilika. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, na mjomba hulisimulia jambo hilo kama la juzi.

"Sasa huyo Wissmann yuko wapi?"

"Sanamu yake iliishia Hamburg, mjomba. Wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968."

"Watoto wamelelewa hao," akasema. Akavua kofia, akaiweka chini apate upepo, akainamia maandishi.

Maandishi yapo kwa Kiingereza, na Kiswahili kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu. Hizo ndizo alizozifuata mjomba, mtu wa chuo cha Kurani tangu utoto, kidole kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto, sauti akiivuta kama yuko maulidini. Na kwa honi zile za Posta, nani angeyasikia maneno? Watu walichokiona ni mzee wa kanzu, herufi za Kiarabu, na kofia imekaa chini mdomo wazi.

Muuza karanga akatua sinia lake. "Amin," akaitikia. Wa pembeni naye, "Amin." Mama mmoja akadondosha mia tano kofiani, wengine wakafuata. Mimi nikajisogeza kando, nikajifanya nasubiri mtu.

Mgambo akatokea. "Shikamoo mzee. Kibali cha kuhubiri unacho?"

"Marahaba, mwanangu. Nani anahubiri? Nasoma habari za wapagazi."

"Wapagazi gani?"

"Waliobebeshwa mizigo ya vita ya Wazungu, 1914 mpaka 1918. Wameandikwa hapa kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Soma na wewe, herufi zako zile pale."

Mgambo akainama, akasoma kwa sauti. Umati ulikuwa umeshanogewa.

"Amin!"

Yule mama ndiye aliyeshtuka. "Kumbe si dua? Babu, naomba mia tano yangu."

Mjomba akaikumbatia kofia. "Mwanangu, wamekufa maelfu kwa maelfu, wengi hata makaburi hayajulikani. Hawafai kuombewa?"

Mama akakosa la kusema. Mgambo, sijui aibu au imani, akatia mia mbili.

Kwenye daladala ya kurudi mjomba alihesabu sarafu mpaka Magomeni, kisha akanigeukia.

"Nasikia na Bagamoyo, pale Wajerumani walipokuwa wakinyonga watu, wameweka kibao. Nauli kiasi gani?"