Nakala ya Kutembea: MP3 na Jalada Lake Ndani

Wapenzi wa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza kitu, wana hoja ambayo sijaona wa kuipangua: kutoka FLAC unatengeneza MP3 wakati wowote, ila MP3, inayopunguza ukubwa kwa kukata sehemu ya sauti, hairudi kuwa FLAC halisi, maana kilichokatwa kimekatwa. FLAC hubana wimbo wa CD hadi takribani nusu ya ukubwa wake, na ukiufungua unakuta kila biti mahali pake. Anayehamishia santuri au kanda za zamani kwenye kompyuta aweke nakala mama kwa FLAC. Hapo hatugombani.

Ugomvi unaanza nakala hiyo inapotakiwa kutembea. Redio nyingi za gari zenye tundu la USB husoma MP3 na kuikataa FLAC. Spika za Bluetooth nazo kwa kawaida hupokea sauti iliyobanwa upya, kwa hiyo usafi uliobebwa kwa megabaiti 25 unapotelea njiani. Wimbo uleule wa dakika nne kwa MP3 ya kbps 192 (kilobiti 192 kwa sekunde) hauzidi megabaiti 6.

Kisha kuna jalada, yaani picha ya albamu. MP3 na FLAC zote hupokea picha ndani ya faili, lakini wanaojali nafasi wanataka ikae kando, moja kwa folda nzima. Kwa anayesikilizia sebuleni, sawa. Huku kwetu wimbo hausafiri na folda: unatumwa peke yake kwa WhatsApp, unatiwa kwenye flashi kibandani pamoja na mamia ya wenzake, na ukifika unaitwa “Track 07”. Bila lebo (maandishi ya jina la wimbo na msanii) na picha zilizopachikwa ndani, nani atajua ni bendi gani?

Gharama ipo. Pachika skani ya pikseli 3000 kwa 3000, yenye megabaiti 3, kwenye nyimbo 12, na umebeba megabaiti 36 za picha ileile moja. Kwa nyimbo za megabaiti 6, theluthi nzima ya nafasi imekwenda kwa jalada! Hesabu hiyo inatisha, na ndiyo wapinzani wanayopenda kuitaja. Lakini ni hesabu ya uzembe. JPEG ya pikseli 600 kwa 600 huwa kama kilobaiti 100, yaani chini ya asilimia 2 ya faili, na kwenye kioo cha simu inatosha kabisa.

Mfumo wa lebo za MP3, ID3v2, umetenga aina 21 za picha: jalada la mbele, la nyuma, hata “samaki mwenye rangi kali” (mzaha wa waliouandika, bila shaka). Jalada la nyuma ndilo linalosahaulika, ilhali kwenye santuri mara nyingi ndilo lenye majina ya wapigaji.

Kinachonisumbua zaidi ya ukubwa ni tovuti za kupakulia nyimbo, zinazong’oa jalada la msanii na kubandika nembo yao. Dawa yake ni Mp3tag, programu ya kuhariri lebo, ya bure kwenye Windows: unachagua albamu nzima, unafuta picha hiyo, unaweka ya asili kwa mkupuo mmoja, kisha ndiyo unamtumia mwenzio.